Msumari wa Tisa

Siku nilipokabidhi kibanda cha nguo, Joha, ambaye sasa ndiye mtunza nguo wenu, alimwaga vibati vyote mezani akavipanga kwa namba. Vilikuwa ishirini na tisa. Akarudia kuvihesabu, kisha akaniuliza kwa adabu, "Bi Nyamizi, mbona cha tisa hakipo?" Nikamwambia kilizama bwawani zamani. Akaandika "kilizama", nikatia sahihi. Mkanipa soda na doti moja ya kanga, na Meneja akasoma hotuba ndefu kuhusu mtu ambaye mimi simjui.

Kibati cha tisa hakikuzama. Kipo nyumbani kwangu, sandukuni, chini ya nguo. Mwalimu mmoja alikufa kikiwa kimefungwa mkononi mwake, na mama yake hadi leo anaamini uongo kuhusu kifo hicho kwa sababu yangu. Mliniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi ili vijana wajifunze. Basi haya ndiyo nitakayoyaandika, ila nitaanzia mwanzo, maana bila ya mwanzo hamtaelewa kibati kina uzito gani.

Habari za vyeo na mshahara tuziache. Vyeo vyangu vilikuwa viwili, cha kuingia na cha kutoka, na mshahara ulikuwa kama mvua ya Tabora, unauona kwa mbali ukinyesha kwa wengine.

Nilipoanza kazi, wakoloni walikuwa bado wapo. Walikuwa wameziba mto kwa ukuta wa mawe ili Tabora mjini ipate maji, bwawa likajaa katikati ya vilima, nao wakagundua kwamba maji ya kunywa ya watu wengine yanafaa pia kuogelea. Wakajenga nyumba ya wageni, gati la mashua na kibanda cha nguo. Maduka mawili yakafuata, na tanuri la mikate, na huo ndio ukawa mji wetu mdogo wa Bwawani mnaoujua. Kila kiangazi, kuanzia Juni hadi mawingu ya kwanza ya Oktoba, walikuja Jumamosi na magari yao. Walivua nguo zote wakabaki na kipande cha kufunikia aibu, wakajilaza juu ya mawe hadi wakawa wekundu, halafu wakalalamika kwamba jua letu ni kali. Wengine walipanda mlima kwa fimbo zenye ncha ya chuma, mlima ule ule ambao mama zetu walipanda kila siku kutafuta kuni, tena na mtoto mgongoni. Wakifika juu walipiga kelele za ushindi. Sisi huku chini tulikunja suruali zao.

Aliyenifundisha kukunja ni Bi Tausi, mwanamke wa mjini Tabora, wa familia za Waislamu wa siku nyingi pale. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na babu yake alikuwa nyapara wa misafara ya wapagazi iliyokuwa ikienda pwani na kurudi. Siku yangu ya kwanza alinipa suruali ya kaki akaniuliza, "Hii ya nani?"

"Sijui, bibi."

"Huna macho? Goti la kulia limechakaa, la kushoto zima. Mfuko wa nyuma una alama ya kiko. Huyu anapiga goti moja, anavuta tumbaku. Bwana Miti. Tundika namba sita."

Kweli alikuwa bwana miti. Kuanzia siku hiyo nikajifunza kuwasoma watu kwa nguo zao, na sikumwona mtu yeyote aliyenipendeza zaidi baada ya kuvua. Suruali hukunjwa kwa kufuata mshono. Saa na pete huingia kwenye kiatu cha kushoto, soksi juu yake. Shati halikunjwi, hutundikwa kwa ukosi. Nguo ya ndani yenye tundu hufichwa katikati ya zile nyingine, hata ikiwa ni ya mkubwa, na hasa ikiwa ni ya mkubwa.

Vibati alivikata fundi mabati wa mjini kutoka kwenye debe la mafuta ya taa, akavisaga kingo zisikate ngozi, akavigonga namba. Uzi wake ni wa katani, tuliupaka nta ya nyuki usinyonye maji. Mtu akivua nguo, zinatundikwa kwenye msumari, na yeye anafungiwa kibati chenye namba ya msumari huo. Akitoka majini analeta kibati, anapewa nguo, tunaandika daftarini. Hayo yote mnayajua. Ninyi mnadhani ni kwa sababu ya wezi.

Bi Tausi alinicheka niliposema hivyo. Alisema, "Wezi wa nini? Nani atake soksi za mzungu? Sikiliza. Babu yangu alikuwa na wapagazi mia na zaidi. Jioni kambini kila mmoja anatua mzigo wake mahali pake. Asubuhi kila mmoja anainua mzigo wake yeye mwenyewe. Kumwinulia mwenzio ilikuwa marufuku, hata awe ndugu yako. Unajua kwa nini? Mzigo uliobaki chini ndio ulikuwa ukimwambia babu nani hayupo. Kaumwa porini, katoroka, kaliwa na simba. Ukimwinulia mwenzio mzigo, umemficha. Hakuna atakayerudi kumtafuta."

Hiyo ndiyo kazi yetu. Msumari wenye nguo maana yake kuna mtu majini. Kibanda hakifungwi mpaka misumari yote iwe mitupu, na nguo haitoki ila kwa mwenye kibati, akija kwa miguu yake. Mume hachukui za mkewe. Bwana hatumi boi.

Nilimwona Bi Tausi akiishika kanuni hiyo mbele ya mzungu mkubwa wa wilaya. Mzungu huyo alipoteza kibati akiogelea, akaja akiamrisha apewe nguo zake, msumari wa pili, anaziona pale pale. Bi Tausi akamwonyesha benchi. Anayepoteza kibati husubiri hadi wengine wote wachukue zao. Bwana yule alikaa saa mbili, kajifunga taulo, miguu yake myeupe ikitetemeka kwa upepo wa jioni, huku makarani wake wakipita mmoja mmoja kuchukua nguo na kumwamkia. Nguo zikabaki za msumari wa pili peke yake, akapewa. Alisema atamfukuza. Jumamosi iliyofuata alikuja na kibati kakifunga mafundo matatu.

Uhuru ulipokuja wale waliondoka, nasi tukacheza ngoma siku tatu pale gatini. Nililia kwa furaha, sina haja ya kuficha. Kiangazi kilichofuata wakaja wakubwa wetu, na baadhi yao walikuwa wameyasoma ya wale wa kwanza kwa makini mno. Nao wakajilaza juu ya mawe kuota jua, watu ambao jua limewaota tangu wanazaliwa. Nao wakatafuta fimbo zenye ncha ya chuma. Taulo za nyumba ya wageni, zilizokuwa zimesalimika miaka yote ya ukoloni, zikaisha kwa miezi mitano.

Sitaki mdhani wote walikuwa hivyo. Jumapili zilikuja familia za Wahindi wenye maduka mjini, wakafanya mandari chini ya miti na masufuria ya pilau. Wanawake waliingia majini hadi kwenye vifundo vya miguu wakapiga mayowe ya kutosha watu wanaozama. Mzee mmoja muuza vitambaa hakuogelea hata siku moja. Alikuja kibandani kupapasa nguo za watu misumarini na kuninong'oneza nani amenunua kwake na nani amemsaliti. Kutoka seminari ya Kipalapala walikuja mafrateri kumi na wawili na kanzu nyeupe kumi na mbili zinazofanana, mtihani mkubwa wa kibanda. Waliogelea vizuri kuliko wote. Kisha walipanda mlima, wakapotea, ikabidi bibi mmoja aliyekuwa akiokota kuni awashushe.

Bi Tausi aliacha kazi magoti yalipomshinda, nikabaki na daftari, nalo lilinitesa, maana nilikuwa na darasa la pili tu. Ujamaa ulishaingia. Watu wa mashambani walikuwa wakihamishiwa vijijini, na sisi Bwawani tulihamishiwa kwenye vikao. Kikao kimoja kilijadili kutwa nzima kama vibati ni unyapara. Ndugu mmoja alisema katika jamii ya watu sawa nguo zote ziwekwe kwenye kapu moja. Nikamuuliza yeye atakuwa tayari kuondoka na suruali gani. Kikaundwa kikao kidogo cha kulitazama suala hilo, na hadi nastaafu kilikuwa bado kinalitazama.

Mwenye wazo la kapu alikuwa Mheshimiwa mmoja wa mjini. Jina lake nalifunika, kwa ajili ya wajukuu zake. Alihubiri usawa kila Jumamosi kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bwawa, na alikuwa na msumari wake binafsi, wa nane, alioagiza upigwe mrefu kuliko mingine. Kiangazi hicho alitangaza kwamba katika sherehe ya kufunga msimu viongozi wataogelea kuvuka ghuba mbele ya wananchi, kuonyesha afya ya taifa. Tatizo lilikuwa moja. Mheshimiwa hakujua kuogelea.

Akamtafuta Mwalimu Kulwa.

Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini. Kwao ni Lusu, upande wa Nzega, na kuogelea alijifunza kwenye malambo ya ng'ombe wa baba yake. Alikuwa akiishi mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo mjini, na mama yake, mjane. Msumari wake ulikuwa wa tisa, karibu na ule mrefu. Suruali yake ilikuwa ya kaki, imeshonwa viraka matakoni kwa uzi mweusi, na viraka juu ya viraka. Nilimdharau. Lazima niseme. Nilikuwa nimezoea kumpima mtu kwa mshono, na nilipoona ule uzi mweusi nikasema moyoni, huyu naye. Nguo zake nilikuwa nikizitundika kwa ncha za vidole.

Mheshimiwa alichelewa kila mara, na Kulwa alimsubiri kwenye benchi letu. Siku moja akaona ninavyohangaika na daftari.

"Shikamoo, dada. Nikusaidie?"

"Marahaba. Kusaidiwa nini? Naandika."

"Unaandika vizuri. Ila hii umeandika 'zimechuliwa'. Hapa katikati weka 'ku'."

Kila Jumamosi akanifundisha, nusu saa, wakati mwingine saa nzima, bila kunicheka hata siku moja. Alinifundisha kushika kalamu nisiukandamize mkono, kutenganisha maneno, kuweka nukta. Mwandiko huu mnaousoma ni wake. Alisema mama yake anashona viraka vile kwa uzi mweusi kwa sababu macho yake hayauoni mweupe. Baada ya kusikia hivyo nikaanza kuzikunja nguo zake kwa mshono, kama za wengine.

Walijifunzia kwenye ghuba ya nyuma, kwenye matete, wananchi wasione. Mheshimiwa alikuja na mpira wa ndani wa gurudumu la gari, kaupaka rangi nyeupe, akauvaa kiunoni, na humo ndani ya mpira ndimo alimokuwa akionyesha afya ya taifa. Kulwa alikuwa akimsukuma kwa nyuma.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa na upepo. Mnaujua ule wa Agosti, unaotoka milimani baada ya adhuhuri na kuyapeleka maji yote upande wa ukuta. Walivua nguo saa nane, nikawafunga vibati, cha nane na cha tisa. Yapata saa kumi Rajabu, dereva wa Mheshimiwa, akaja kibandani na kibati cha nane.

"Nguo za Mheshimiwa, dada. Na za mwalimu."

"Kibati cha tisa kiko wapi?"

"Anacho mwenyewe. Mpira umechukuliwa na upepo, Mheshimiwa kamtuma aufuate. Anakuja."

"Akija atachukua nguo zake."

"Dada, gari liko ng'ambo kule, nyuma ya kilima. Mheshimiwa anatetemeka kwa baridi na ana kikao mjini. Kasema mwalimu atatokea upande ule ule, avalie garini."

"Rajabu, unaijua kanuni."

"Naijua. Wewe unataka nirudi nikamwambie nini? Kwamba Nyamizi kakataa?"

Wiki ile ile mpishi wetu alikuwa amehamishiwa kijiji kisicho na barabara kwa sababu chai ya Mheshimiwa ilikuwa vuguvugu. Nilikuwa na mama mgonjwa nyumbani. Hayo ni maelezo, siyo udhuru. Bi Tausi angemwonyesha benchi. Mimi niliinua mkono, nikazitoa zile nguo za viraka kwenye msumari wa tisa, nikampa mtu asiye mwenyewe. Kisha nikaandika daftarini, kwa mwandiko mzuri, na "ku" mahali pake: zimechukuliwa.

Saa kumi na mbili misumari yote ilikuwa mitupu. Nikafunga kibanda nikaenda zangu.

Asubuhi ya Jumapili nilipita ukutani kuteka maji. Mpira mweupe ulikuwa pale, unagongagonga mawe. Nilijua hapo hapo. Nikakaa chini na ndoo yangu, nikayatazama yale maji yote. Nilipoinuka nilikwenda kwa meneja wa wakati huo. Alikuwa akinyoa ndevu. Akaniambia, nusu ya uso ikiwa na povu, niandike barua.

Kabla sijaandika chochote Rajabu alifika na gari. Hakunitazama. Alisema kama mtu aliyekariri, "Mheshimiwa anasema mwalimu alishuka njia panda jana jioni, kavaa nguo zake. Na daftari lako linasema kachukua nguo. Basi."

"Rajabu, mtu yuko majini."

"Tulimpigia honi, dada. Mara nyingi. Mheshimiwa akasema huyo anajua kuogelea, atatembea." Akatoa kitambaa mfukoni. "Nina watoto watano."

Akateremka ukutani, akauokota ule mpira, akaufuta maji kwa kitambaa, akaupakia garini. Ilikuwa ni mali ya ofisi.

Mchana akaja mama. Alikuja amepakiwa kwenye baiskeli ya jirani, mwendo wote ule kutoka Ng'ambo, na kikapu mapajani. Mwanamke mfupi, mwembamba, akiinamisha kichwa pembeni ili aone vizuri.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe Nyamizi? Kulwa ananitajia. Anasema una mwandiko wa mwalimu." Akatabasamu kidogo. "Hakulala nyumbani. Si kawaida yake. Nimekuja nimwone, na kama kazidiwa na kazi nimwachie chakula."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nyuma yangu msumari wa tisa ulikuwa mtupu. Alichungulia ndani kwa upande akauliza, "Nguo zake zipo?"

"Hazipo, mama."

"Alizichukua?"

Sasa someni polepole. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hapakuwa na Mheshimiwa pale, hapakuwa na Rajabu. Palikuwa na mama, jirani na baiskeli yake, na mimi.

"Alizichukua mwenyewe, mama. Jana jioni."

"Mzima?"

"Mzima."

Akashusha pumzi ndefu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru. Kile kikapu aliniachia mimi. Kilikuwa na ugali wa mtama umefungwa kitambaani, na karanga. Kisha akaondoka kumtafuta mwanawe nchi kavu. Alikwenda hospitali, stesheni, polisi. Alikwenda Kipalapala kuuliza kama kajificha kwa mapadre. Alipanda lori hadi Lusu na kurudi. Siku tatu mwanamke asiyeona vizuri alizunguka barabarani kumtafuta mtu aliyekuwa kwenye maji yangu, na kila aliyemuuliza alimwambia: mtunza nguo kasema kaondoka mzima.

Jumatano wavuvi wa perege walimkuta katikati ya ile miti mikavu iliyosimama majini, upande wa ukuta. Alikuwa na kaptura tu. Mkono wa kushoto ulikuwa na kibati. Askari alikigusa kwa kalamu yake akauliza kama ni hirizi. Katika kadamnasi yote ile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kile kipande cha debe kinasema kila kitu. Mtu aliyechukua nguo zake hawezi kuwa bado na kibati. Nikasema nitakifungua, mama yake asije akakiona. Ile nta ilikuwa imeshika vizuri. Nilitumia meno.

Mheshimiwa alihuzunika sana, kwa hotuba. Alisema alimshusha marehemu njia panda kwa mkono wake, na kwamba huenda alirudi bwawani peke yake usiku, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Nguo ikasemekana zimebebwa na wezi. Daftari langu lilisomwa kikaoni, likasifiwa kwa unadhifu. Sherehe ya kufunga msimu ikaahirishwa kwa heshima ya marehemu, na Mheshimiwa hakulazimika kuogelea.

Zile "sababu anazozijua mwenyewe" zilifanya kazi yake. Wiki haikuisha mji mzima ukawa unasema mwalimu alijitia majini. Wengine walisema deni, wengine mwanamke. Walimzika Lusu haraka haraka, matanga yakavunjwa siku ile ile, kwa aibu. Mama yake hakurudi Ng'ambo.

Mimi nikawa mkali. Hilo mnalijua, mmelizoea, ndilo Meneja alilolisifu kwenye hotuba. Nimewakalisha wakubwa kwenye benchi, na taulo, na wapambe wao wakinitukana. Kijana mmoja wa wizarani alinipa jina la Bi Chuma. Mlidhani ni ushupavu. Mtu aliyekwisha kupika uongo mkubwa kuliko wote hapati shida kuwa mkweli kwenye mambo madogo. Miaka yote hiyo nimewacheka watu kwa suruali zao, na katika kibanda kile hakuna aliyekuwa na tundu baya kuliko langu. Mheshimiwa alikufa kitandani, shuka safi. Rajabu alikufa kabla yake, kwa pombe. Aliyebaki anayejua ni mimi.

Wiki iliyopita, baada ya zile soda zenu, nilikutana sokoni na mwanamke anayetoka Lusu akiuza karanga. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kama kuna bikizee aitwaye Mama Kulwa. Akasema yupo, haoni kabisa sasa, akili nzima. Akasema huwa anauliza swali lile lile kila anapokaa na watu: mwanangu alikosa nini kwangu hata akaona afadhali kufa?

Hakukosa kitu, mama. Alitumwa mpira.

Vijana, mafunzo ya kazi ni haya, hayazidi mstari mmoja. Akija mtu kuchukua nguo za mwingine, awe dereva, awe waziri, mwambieni mwenyewe aje akiwa anachuruzika maji. Msipofanya hivyo mtaandika vizuri sana daftarini, na mtasifiwa.

Nilitaka kukifunga kibati kwenye karatasi hizi, Joha akakitundike, hesabu yenu ikamilike. Nimebadili nia. Ningekuwa nakituma kwa mkono wa mtu mwingine tena. Kesho alfajiri napanda basi la Nzega, nikifika naulizia njia ya Lusu. Nimekifunga kwenye pindo la kanga. Haoni, kwa hiyo nitamwekea kiganjani aipapase namba, nimweleze kilitoka wapi, nani alikifungua, na kwa nini. Atakalonitendea ni haki yake.

Na wewe Joha, kwenye lile daftari la makabidhiano futa "kilizama". Andika kwamba kibati cha tisa kimekwenda kwa mwenyewe.